Mla Mchanga Hana wa Kumlilia

Jongoo mchanga hula mchanga. Mtoto wa pwani huambiwa hilo mapema, na mara nyingi haambiwi jingine. Ukimkuta kwenye maji ya magotini, iwe Gazi, Unguja Ukuu au Kilwa, amejilaza tu, kijivu, ngozi imekunjamana mgongoni, huoni jicho wala mdomo. Mdomo upo, umeelekea chini, umezungukwa na minyiri mifupi ishirini hivi. Minyiri hiyo hushuka kwa zamu, ikagusa mchanga, ikaokota, ikapeleka kinywani. Hana meno. Hamkimbizi yeyote. Mchanga hupita katika utumbo uliojizungusha tumboni, mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa, na humo ndani kiumbe huyu hutoa anachokihitaji: bakteria, mimea midogo isiyoonekana kwa macho iliyoganda kwenye chembe za mchanga, mabaki ya majani ya bahari yaliyooza, kinyesi cha samaki. Kisha mchanga hutokea upande wa pili umeshikamana vipande vipande, safi kuliko ulivyoingia.

Huo ndio ulaji wake wote. Sehemu ya siku hujifukia, sehemu nyingine hutoka, na akishatoka hula karibu bila kupumzika, maana katika mchanga chakula ni kidogo na lazima apitishe mwingi ili ashibe. Watafiti waliopima majongoo wa aina mbalimbali wanasema mmoja huweza kupitisha tumboni mwake kuanzia kilo 9 hadi kilo 80 hivi za mchanga kwa mwaka. Mwaka 2021 wanasayansi wa Australia waliokuwa wamepiga picha kwa droni juu ya mwamba wa Heron, katika ule ukanda mkubwa wa matumbawe wa nchi hiyo, walikadiria kwamba majongoo weusi peke yao, aina moja tu, hupitisha tani 64,000 za mchanga kila mwaka mahali hapo. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha sikuzidisha sifuri.

Mkulima anajua kazi ya nyungunyungu shambani; jongoo ndiye nyungunyungu wa bahari. Anapojifukia na kufukuka, maji yenye hewa hupenya chini na mchanga hauozi ukawa mweusi. Taka anazotoa majini zina naitrojeni, na majani ya bahari huitumia naitrojeni hiyo kukua. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi iliyofanywa Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa: watafiti waliwaondoa majongoo katika baadhi ya viraka vya mchanga penye matumbawe na kuwaacha katika vingine. Walipoondolewa, matumbawe yaliugua na kufa kwa wingi zaidi. Inaelekea yale mabaki yanayooza, ambayo jongoo angeyala, ndiyo yanayolea vijidudu vinavyoyaua matumbawe. Kwa hiyo yupo mnyama baharini ambaye kushiba kwake kunawanufaisha majirani. Wapo wengine wa namna hiyo, lakini si wengi, na huyu ndiye ninayemfikiria zaidi tangu nihamie huku.

Huku ni Dengfeng, mtaa wa wilaya ya Yuexiu, katikati ya Guangzhou. Wafanyabiashara wetu wengi hawauiti Dengfeng. Husema Xiaobei, kwa jina la barabara na la kituo cha treni ya chini. Jengo la Tianxiu lipo hapa, na Baohan, kile kichochoro ambamo Kiswahili kinasikika kando ya Kifaransa, Kibambara, Kiarabu na Kiuyghuri. Watu wamepungua tangu 2020, kila mtu anajua. Hata hivyo bado ukipita jioni utamkuta Mtanzania anafunga mzigo, Mkongo anabishana bei ya vitenge, mama wa Nairobi akiulizia lini kontena litafika Mombasa. Ni mtaa wa watu wanaonunua vitu ili viende mbali. Ni wachache wanaofikiri kwamba vitu vya kwao pia vinakuja huku, na kwamba vingine viko kilomita chache tu kutoka wanapolala.

Ukipanda treni Xiaobei, ukabadilisha stesheni kuu ya reli, ukashuka uwanja wa Haizhu, unafika Yide Lu kwa miguu. Watu wetu huenda Yide kwa sababu nyingine kabisa: kuna maduka ya jumla ya midoli, ya madaftari na kalamu, ya mapambo ya sherehe. Lakini barabara hiyohiyo, karibu na lile kanisa kubwa la mawe lililomalizika 1888, ni soko la jumla la vyakula vikavu vya baharini, na limekuwa hivyo muda mrefu. Harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Kuna kamba wakavu, ngisi, kome, mapezi ya papa, mabondo ya samaki yaliyokaushwa yakawa manjano, na magunia kwa magunia ya majongoo. Wamepangwa kwa aina na kwa ukubwa. Wakubwa wako kwenye mitungi ya kioo, wadogo wamemwagwa kwenye masinia. Wamekauka wakawa wagumu, wengine weusi, wengine wana rangi ya majivu. Mtu aliyekulia pwani huwatambua hata hivyo. Pauni unamjua kwa zile chuchu za ubavuni. Jongoo mchanga unamjua kwa tumbo lake jeupe lililokunjamana. Nilimuuliza muuzaji mmoja wametoka wapi, naye kwa ukarimu wote akanijibu kwa kulitaja bara zima.

Ijumaa watu wetu wengi huenda kuswali kwenye msikiti ulio penye kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, si mbali na bustani ya Yuexiu. Baada ya sala nje kunakuwa na vyakula, na mazungumzo hayakosi. Siku moja nililileta suala la majongoo. Kijana wa Pemba, ambaye ndugu zake wamewahi kuifanya biashara hiyo, alinitazama akaniambia: "Ami, kile si chakula. Kile ni pesa." Mwingine akasema madhehebu ya Shafii yana wasaa kuhusu vya baharini, si suala la haramu. Kijana hakubishana na fikihi. Alisema tu kwamba hajapata kumwona mtu yeyote kwao akimla, na kwamba yeye mwenyewe hata kumshika hapendi.

Kauli yake imenikaa kichwani, kwa sababu naona ndani yake ndimo lilimo tatizo zima. Sisi watu wa pwani tumewauza majongoo kwa zaidi ya miaka mia moja, kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Kihindi hapo zamani na ya wengine wengi sasa, na hatujapata kuwala. Hakuna chungu chetu kinachowasubiri. Tasi wakipungua, habari hiyo hufika jikoni siku hiyohiyo: mama anarudi sokoni na kitoweo kingine, watoto wanauliza, baba anasema bahari siku hizi mbaya. Changu akipanda bei, mtaa mzima unajua. Hata dagaa wakichelewa, watu wananung'unika. Manung'uniko hayo nayaheshimu sana. Ni hesabu ya bahari inayofanywa kila siku na watu wasiojua kwamba wanahesabu. Jongoo hayumo katika hesabu hiyo. Anaweza kuisha kijiji kizima na isikosekane sahani hata moja. Anayekosa ni mnunuzi, naye huhamia kijiji kinachofuata.

Mfikirie pweza. Kisiwa Panza, kule Pemba, na Kizimkazi, Unguja, wanakijiji waliamua wenyewe kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, halafu wanafungua wote kwa pamoja. Uamuzi wa namna hiyo si rahisi. Kuna ugomvi, kuna wizi wa usiku, kuna lawama. Lakini ulianzia mahali: pweza analiwa nyumbani na anauzwa mjini, kila mwenye fimbo ya kuchokolea amemwona akidhoofika, kila mwanamke anayeshuka bamvua anakumbuka pweza wa utotoni mwake walikuwa na ukubwa gani. Kulikuwa na huzuni tayari kabla ya mkutano wa kwanza. Mikutano ya kumlinda jongoo huanza bila huzuni hiyo, na aghalabu huitishwa na mtu aliyetoka nje.

Lipo jambo la pili, na hili nimelifikiria polepole zaidi. Mvuvi wa kwetu anajua mambo mengi ya kushangaza kuhusu ulaji wa samaki. Anajua tasi hula mwani na majani, kwa hiyo dema lake hulitilia mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani, waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kulima mwani wa kuuza tangu 1989, wanamjua tasi huyohuyo kama mwizi wa shamba. Mvuvi anajua pia kwamba changu hutoka usiku kutafuta kaa na konokono, naye humtilia ngisi kwenye ndoana. Anajua pweza hula nje na kutupa mabaki mlangoni, hivi kwamba rundo la magamba ya kaa na chaza mbele ya tundu humwambia kwamba mwenyewe yumo ndani. Watu wa Kilindoni, Mafia, wanajua potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, huja kumeza vikamba vidogo vinavyoelea, na hawamwogopi. Maarifa yote hayo yalipatikana kwa sababu samaki hakamatiki mpaka ujue anapenda nini. Chambo kilikuwa mwalimu wetu.

Jongoo hahitaji chambo. Hakimbii. Mtu anainama, anamwokota, anamtia kwenye ndoo. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujiuliza anakula nini, kwa nini yuko hapa na hayuko pale, wala anawafanyia nini majirani zake. Mnyama aliye rahisi kuliko wote kumpata ndiye tuliyemjua kidogo kuliko wote. Sioni kwamba huo ni uzembe wa wavuvi. Maarifa hufuata haja, na haja haikuwapo.

Na tusidhani kwamba kumla kiumbe kunatosha kumlinda. Kikande analiwa pwani yote, na bado haikutusaidia kujua kazi yake. Tim McClanahan na wenzake, walioanza kuchunguza miamba ya Kenya miaka ya 1980, walionyesha jambo ambalo wavuvi wengi hawakuwa wameliunganisha: kikande ndiye anayewala urchini, yaani zile fukufuku zenye miiba. Akivuliwa akaisha, fukufuku huzidi, nazo hulisaga tumbawe kwa meno yao mpaka mwamba unakuwa uwanda wa kokoto. Ndani ya hifadhi, kikande alipo, fukufuku ni chache. Tofauti kati ya mwamba hai na mwamba uliokufa ilikuwa ndani ya tumbo la samaki mmoja tuliyekuwa tukimkaanga. Kwa hiyo chungu huweza kukuambia kwamba samaki amepungua, lakini hakikuambii alikuwa akifanya nini. Kwa jongoo tumekosa yote mawili.

Sasa mwangalie mlaji wa huku. Watu wa Guangzhou wanakijua chakula cha baharini kwa undani ambao sijauona penginepo. Kwenye mikahawa yenye matangi, mzee hutazama samaki anavyopeleka mapezi kabla ya kumchagua. Jongoo mkavu huloweshwa siku kadhaa, maji hubadilishwa, huchemshwa, hupasuliwa na kusafishwa, huloweshwa tena mpaka anavimba na kulainika, kisha hupikwa taratibu pamoja na uyoga mkavu na supu nzito. Yeye mwenyewe hana ladha kubwa. Anasifiwa kwa ulaini wake, kwa kuichukua ladha ya supu, na kwa nguvu ambazo watu wanaamini anazileta mwilini. Huliwa arusini na mwaka mpya, hupelekwa kwa wazazi wazee kama zawadi. Siwezi kuidharau meza ya namna hiyo. Kuna heshima ndani yake, kuna watoto wanaowakumbuka wazee wao. Lakini meza hiyo haijapata kuuona ufuo. Mlaji anajua daraja, unene, na kama amekaushwa vizuri au ametiwa chumvi ili aongezeke uzito. Hajui kwamba kabla hajakauka alikuwa akisafisha mahali.

Basi ufuo haumjui mlaji, na mlaji haujui ufuo. Kati yao wapo watu wanaojua pande zote mbili, nao wanalala Dengfeng. Hawa wamekulia Mkokotoni au Vanga, wanajua bamvua ni siku zipi, na wakati huohuo wanajua njia ya kufika Yide na namna ya kuandika hati za mzigo. Sitaki kuwatwisha lawama. Wengi wao hawagusi kabisa biashara hii; wanahangaika na simu, nguo na vipuri. Lakini ninaposema kwamba mtu fulani anapaswa kuwaza juu ya jongoo, sioni ni nani mwingine anayeweza kuwaza vizuri kuliko aliyeona mwanzo na mwisho wa safari yake.

Na safari hiyo ina ukali wake. Jongoo mchanga akishatolewa hupasuliwa kidogo, hutolewa matumbo, huchemshwa, hufukiwa mchangani mpaka ile ngozi ya nje yenye chokaa ilainike, husuguliwa, mahali pengine kwa majani ya mpapai, huchemshwa tena, kisha huanikwa. Kilo ishirini za wabichi hutoa kilo moja hivi ya wakavu. Mama aliyewaokota kwa miguu maji yalipokupwa huuza wabichi, mmoja mmoja, kwa fedha kidogo. Hana sufuria kubwa, hana kuni, hana siku za kungoja. Wanaume huzamia, na kadiri maji mafupi yalivyoisha ndivyo walivyozidi kwenda chini, wengine kwa mitungi ya hewa. Kenya ilipiga marufuku mitungi katika uvuvi huu mwaka 2003, si kwa ajili ya majongoo peke yao, bali pia kwa vijana waliopooza au kufa kwa kupanda juu haraka. Thamani kubwa huongezeka baadaye, mikononi mwa wanaokausha, wanaopanga na wanaosafirisha.

Ndiyo maana sipendi ushauri unaoanza kwa yule mama. Mara nyingi tunapozungumza maadili ya bahari tunamwambia mtu maskini avumilie: aache wadogo, asubiri, afikirie wajukuu. Anayeambiwa asubiri ana ada ya shule Jumatatu. Uwezo wa kusubiri uko kwa mwenye mtaji. Mnunuzi akikataa kumchukua jongoo mdogo, mdogo atabaki mchangani bila hotuba wala doria. Akimchukua, hakuna sheria itakayomwokoa. Subira ni adili la kila mtu, hilo sikatai, lakini deni lake ni zito zaidi kwa yule ambaye subira haimnyimi chakula.

Sheria zenyewe zimejaribu, kwa mwendo usiolingana. Tanzania Bara ilifunga uvuvi wa majongoo mwanzoni mwa miaka ya 2000, huku Zanzibar ikiuacha uendelee. Kati ya Bara na Unguja ni safari ya mashua tu. Kila mtu anaweza kukisia kilichotokea. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliwaingiza pauni mweupe na pauni mweusi katika orodha ya viumbe ambao biashara yao lazima iwe na kibali, na amri hiyo ikaanza kutumika 2020. Jongoo mchanga hakuwamo katika uamuzi huo. Kungoja arudi mwenyewe nako kuna mpaka. Majongoo huzaliana kwa kutoa mayai na mbegu majini, kila mmoja kivyake, na vikutane kwa bahati ya maji. Waliobaki wakiwa mbalimbali, mbegu hazikutani. Katika mlango wa bahari wa Torres, kaskazini mwa Australia, uvuvi wa jongoo mchanga ulifungwa 1998, na miaka mingi baadaye bado hawakuwa wamerudi kama zamani. Mtu hufunga mlango akidhani amebakiza ndani mbegu, kumbe alichobakiza ni wapweke.

Guangzhou imenifundisha kwamba meza pia hubadilika, na hili nalisema kwa matumaini ya kweli. Bahari ya Kusini ya China hufungwa kila mwaka, siku hizi kuanzia 1 Mei hadi 16 Agosti, na utaratibu huo wa mapumziko ya kiangazi upo tangu 1999. Miezi hiyo maboti mengi yanakaa bandarini. Watu wanalalamika, kisha wanangoja, kisha siku ya kufunguliwa inakuwa sherehe. Mapezi ya papa nayo yalikuwa alama ya ukarimu isiyopingika. Yao Ming, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyependwa na taifa zima, alijitokeza kuyakataa, na mwishoni mwa 2013 serikali ikapiga marufuku kuyaandaa kwenye hafla zake rasmi. Mapezi bado yapo Yide, nimeyaona. Lakini kijana wa hapa akioa leo anaweza kuyaacha bila kuwaaibisha wazazi wake, jambo ambalo kizazi kimoja nyuma lingekuwa fedheha.

Kilichowageuza watu kuhusu papa ni kwamba papa ana sura. Ana jicho, ana mwendo, mtu akimwona anakatwa mapezi anaumia. Jongoo hana uso. Sidhani kampeni ya picha itamsaidia. Kinachoweza kumsaidia ni habari ya kazi yake, nayo inahitaji msimuliaji aliyewahi kusimama mchangani na kuona vile vipande vya mchanga safi nyuma ya mnyama asiyeonekana kufanya lolote. Nimejaribu kuisimulia hapa Dengfeng, kwenye meza za chai, kwa Wachina wachache ninaofahamiana nao na kwa watu wa kwetu. Wachina husikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja mwenye mgahawa aliuliza kama waliofugwa nao husafisha mchanga. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwetu.

Ndiyo, nao husafisha. Jongoo mchanga akifugwa halishwi. Huwekwa kwenye uzio wa wavu baharini akala mchanga uleule ambao angekula akiwa huru. Kusini-magharibi mwa Madagascar, karibu na Toliara, familia za wavuvi zimekuwa zikiwafuga kwa miaka mingi sasa kwa vifaranga kutoka kituo cha kutotolea. Zanzibar nayo ina kituo chake Beit el Ras, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Mapinduzi, FAO na Korea Kusini, ambamo vifaranga vya majongoo, vya kaa na vya mwatiko hutotolewa. Watafiti waliwahi pia kuwaweka majongoo chini ya mashamba ya mwani visiwani humo, ili wale mabaki yanayoanguka. Ufugaji hauponyi kila kitu: nyuzio huibiwa, vifaranga huliwa na kaa, na mfugaji anaweza kuziba sehemu ambayo wanawake walikuwa wakishuka kuokota. Lakini ni biashara ambayo mnyama hufanya kazi yake kabla hajauzwa, na mfugaji ana sababu ya kumwacha aifanye.

Sababu hiyo ni bei, na hapa nitasema kama mtu wa Dengfeng, maana bei ndiyo lugha ya mtaa huu. Yide hawalipi kwa kilo tu. Kilo ya wakavu wakubwa hulipwa mara kadhaa ya kilo ya wadogo, kwa aina ileile, kutoka ufuo uleule. Jongoo mchanga huanza kuzaa akiwa na miaka miwili hivi. Aliyeokotwa kabla ya hapo hajaacha kizazi, hajapitisha mchanga wa kutosha, na akifika huku hutupwa kwenye sinia la bei ya chini, karibu na mlango. Kijana wa Pemba anajua hayo, ndugu zake wamewahi kuuza. Ijumaa iliyopita tulikaa tukapiga hesabu juu ya karatasi ya kufungia mkate: ndoo ya wadogo leo, au ndoo ya haohao baada ya mwaka, na nani atampa mama wa ufuoni fedha za kuvukia huo mwaka. Mstari wa mwisho ndio uliotuchelewesha. Alisema huenda wanunuzi watatu wanne wakikubaliana wanaweza kutanguliza malipo, na mzigo mdogo wasiupokee kabisa. Amechukua karatasi ile, anasema atampigia mjomba wake aliyeko Wete.